SSD haionekani kwenye kompyuta: mwongozo kamili wa kutafuta tatizo na kuchagua kadi ya adapta

Hili swali linarudi kila mara, tena karibu kwa maneno yaleyale: nimenunua SSD (diski ya kuhifadhia data isiyo na kitu kinachozunguka), nimeichomeka, mashine haiioni, nikaambiwa ninunue adapta, nimenunua na bado haiioni. Leo tulimalize. Kiukweli SSD nyingi zinazorudishwa dukani kama kimeo ni nzima, ila mtu kanunua aina ambayo mashine yake haiikubali, au diski ipo lakini haijaandaliwa, au adapta aliyouziwa ni ya kitu kingine kabisa.

Nenda hatua kwa hatua usiruke, manake jibu la hatua moja ndo linakwambia ufanye nini kwenye inayofuata. Na tafadhali, usinunue adapta yoyote mpaka ufike hatua ya 7.

## Vitu vya kuandaa

- Bisibisi ndogo ya nyota.
- Skrubu ya M.2, ile ndogo ya milimita 2 unene na kama milimita 3 urefu. Laptopu nyingi used zinakuja bila hii, iombe palepale unaponunua SSD.
- Flashi ya GB 8 kwenda juu.
- Kifutio cheupe cha shule na spiriti safi ya kusafishia elektroniki.
- Kebo ya SATA ya pili unayojua ni nzima, kama ni desktopu.
- Kasha la USB la SSD, hata la kuazima kwa fundi.
- Simu yenye kamera. Piga picha kila unachofungua kabla hujakigusa.

Kama kwenye mashine kuna data ya maana, fanya bakapu kwanza. Hatua mbili huko mbele zinaweza kukufutia kila kitu ukibonyeza vibaya.

## Hatua ya 1: Soma stika ya SSD uliyoshika

Usisome boksi, soma stika yenyewe. SATA na NVMe ni lugha mbili ambazo diski inaongea na kompyuta, SATA ya zamani na NVMe ya haraka inayopita kwenye njia za PCIe. M.2 ni umbo tu la kipande na sloti yake. Kuna makundi matatu utakayokutana nayo mtaani.

La kwanza ni SATA ya inchi 2.5, ile bapa yenye kava, haina utata. La pili ni M.2 SATA, inayofanana na kipande cha ubani. La tatu ni M.2 NVMe, ambayo nayo ni kipande kilekile, urefu uleule, upana uleule wa milimita 22, na hapa ndo watu wanapopigwa.

Tafuta maandishi. Ukiona "SATA 6Gb/s" au "SATA III" basi ni SATA. Ukiona "NVMe", "PCIe" au "Gen3 x4" ni NVMe. Jina la bidhaa peke yake halitoshi, mfano WD Blue SA510 ya M.2 ni SATA lakini WD Blue SN570 ni NVMe, na zote rangi ya bluu, zote M.2. Samsung 860 EVO ya M.2 ni SATA, 970 EVO ni NVMe. Kama stika imefutika andika namba ya modeli Google uone.

Wengi wanahesabu mikato kwenye pini: mkato mmoja ni NVMe, mikato miwili ni SATA. Mara nyingi inakuwa kweli, ila zipo NVMe zenye mikato miwili, kwa hiyo mkato utumie kama dalili tu, hukumu aitoe stika.

Angalia na namba ya urefu: 2230, 2242, 2260, 2280. Tarakimu mbili za mwisho ndo urefu kwa milimita, 2280 ni milimita 80.

Umefaulu kama unaweza kusema sentensi moja: "Yangu ni M.2 NVMe 2280", au "Yangu ni M.2 SATA 2242".

## Hatua ya 2: Jua sloti ya mashine inakubali nini

Sloti ya M.2 kuwepo sio ushahidi kwamba inakubali kila M.2. Kuna zinazokubali SATA tu, kuna NVMe tu, kuna zinazokubali zote. ThinkPad T440 na T450 kwa mfano zina kile kisloti kifupi cha 2242, kinachukua SATA, ukiweka NVMe ya 2242 itaingia vizuri tu kama ina mikato miwili na haitaonekana milele. Hapo hakuna kilichoharibika.

Halafu kuna sloti ya Wi-Fi, nayo ni M.2 ila mkato wake uko sehemu nyingine. Usilazimishe SSD humo. Ukihisi inagoma kuingia, acha.

Chukua modeli kamili ya mashine iliyoandikwa chini yake, tafuta kitabu chake cha matengenezo kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, nenda sehemu ya "storage". Ni PDF ya bure, dakika tano umemaliza.

Kwenye desktopu ongeza kitu kimoja: mazabodi (bodi kuu ya mashine) nyingi zina sloti ya M.2 inayogawana njia na baadhi ya poti za SATA. Ukiweka M.2, poti moja au mbili za SATA zinazimika zenyewe. Kwa hiyo kama umeweka SSD mpya ikaonekana lakini HDD (diski ya kuzunguka) ya zamani imepotea, hamishia HDD poti nyingine kabla hujaanza kulia.

Umefaulu kama aina ya hatua ya 1 na sloti ya hatua ya 2 zinaendana. Zisipoendana, hatua ya 3 mpaka ya 6 hazitakusaidia, ruka moja kwa moja mpaka ya 7.

## Hatua ya 3: Chomoa, safisha, rudisha

Zima kabisa, sio kulaza. Chomoa chaja. Kwenye laptopu chomoa betri, na kama ni ya ndani ichomoe plagi yake kwenye mazabodi. ThinkPad nyingi zina sehemu kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) ya kuzima betri ya ndani, tumia hiyo. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki.

Toa SSD. Pini zikiwa na weusi, zipitishe kifutio taratibu upande mmoja kisha wa pili, pangusa vumbi la kifutio kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha ikauke. Vumbi la kifutio likibaki mle ndani ya sloti umejiongezea tatizo la pili.

Kurudisha: iingize kwa mshazari, kama nyuzi 30 hivi, isukume mpaka pini za dhahabu zibaki kidogo sana au zisionekane, ndo uilaze ufunge skrubu. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuilaza kwanza ndo asukume, inakaa kwa nusu pini halafu skrubu inaishikilia hivohivo imepinda. Na kwa sababu skrubu imekolea anajua kazi imeisha.

SATA ya inchi 2.5 kwenye desktopu: badilisha kebo, badilisha poti, na badilisha kichwa cha umeme. Vyote vitatu, kimoja kimoja. Kebo za SATA zinachoka hasa zile zisizo na kibanio cha chuma.

Angalizo: usichomoe wala kuchomeka M.2 wakati mashine ina umeme. Hata ikiwa imelala.

## Hatua ya 4: Ingia BIOS uangalie

Dell ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1, Asus na Acer mara nyingi F2, mazabodi za desktopu nyingi ni Delete. Gonga mfululizo tangu unapowasha.

Tafuta jina la SSD kwenye ukurasa wa taarifa au wa diski. Kuna majibu matatu:

Ipo. Safi, kifaa ni kizima, tatizo liko kwenye Windows. Nenda hatua ya 5 au ya 6.

Haipo. Angalia kama poti imezimwa. Kwenye Dell OptiPlex kuna sehemu inaitwa System Configuration, ndani yake Drives, utaona vibox vya SATA-0, SATA-1 na kuendelea. Kibox kisipokuwa na tiki, poti hiyo haipo hata uchomeke dhahabu. Mashine zilizotoka maofisini nyingi zinakuja na poti zimezimwa hivo. Weka tiki, hifadhi, washa upya. Bado haipo? Weka apdeti ya BIOS ukiwa na chaja na betri iliyojaa, au UPS, manake umeme ukikatika katikati ya apdeti ya BIOS unaweza kuua mazabodi.

Ipo ila jina la ajabu au ukubwa sifuri. Nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho kabisa.

Halafu kuna mashine ambazo BIOS yake haiijui NVMe kabisa lakini Windows inaiona vizuri. Hizi ni desktopu za kabla ya 2014 hivi zikiwa na kadi ya adapta. Kwa hizo BIOS kunyamaza sio tatizo, nitarudi hapo.

## Hatua ya 5: BIOS inaiona, Windows inawaka, ila kwenye This PC hakuna kitu

Hii ndo rahisi kuliko zote. SSD mpya inakuja tupu, haina patisheni (sehemu iliyotengwa ya kuhifadhia), na kitu kisicho na patisheni hakipewi herufi, kwa hiyo hakitokei.

Bonyeza Windows na X, chagua Disk Management. Itatokea dirisha linaloomba kuandaa diski kwa mtindo wa GPT au MBR, chagua GPT. Ukichagua MBR na diski yako inazidi TB 2, kinachozidi hutakiona. Shuka chini, utaona mstari mweusi umeandikwa Unallocated, bonyeza kulia, New Simple Volume, next mpaka mwisho.

Angalizo: kama SSD ina data yako ya zamani na Windows inakuomba kuiandaa au kuifomati, USIKUBALI. Hapo patisheni imeumia, na programu za kurejesha data zinafanya kazi vizuri zaidi kabla hujaandika chochote juu yake.

Kama diski ipo na patisheni ipo ila haina herufi, bonyeza kulia, Change Drive Letter, ipe herufi. Imeisha hiyo.

Kama bado upo Windows 7, ijue kwamba haina draiva ya NVMe ndani yake. Kuanzia Windows 8.1 ipo.

## Hatua ya 6: BIOS inaiona, ila unapoweka Windows orodha ya diski ni tupu

Laptopu za Intel kizazi cha 11 kwenda mbele, hii ndo inshu yao. Kuna kitu kinaitwa VMD, kinaishika SSD kwa namna ambayo flashi ya Windows ya kawaida haiielewi. Una njia mbili.

Njia ya kwanza, ingia BIOS, tafuta VMD, izime. Laptopu nyingine zimeificha, usiumize kichwa, nenda ya pili.

Njia ya pili, nenda tovuti ya aliyetengeneza laptopu yako, shusha draiva ya Intel RST ya modeli hiyo. Ukipata faili la SetupRST.exe halitafanya kazi likiwa hivo kwenye flashi, inabidi ulifungue: kwenye kompyuta nyingine fungua Command Prompt kwenye folda hilo, andika `SetupRST.exe -extractdrivers RST`, litatengeneza folda la RST lenye mafaili ya .inf. Hilo folda ndo unalibeba kwenye flashi. Kwenye orodha tupu bonyeza Load driver, Browse, chagua folda lenye jina la VMD, na SSD inatokea palepale.

Angalizo kubwa: usibadilishe VMD au kuhama kutoka RAID kwenda AHCI (mitindo ya BIOS kuendesha diski) kwenye mashine ambayo tayari ina Windows unayoitumia. Itagoma kuwaka na bluu skrini ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na kama BitLocker (kufuli la Windows la diski) imewashwa itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Yakishatokea hayo, rudisha kama ilivyokuwa, kwa kawaida inawaka tena.

Kabla ya kuamua lolote kuhusu adapta, ichomeke SSD kwenye kasha la USB au mashine ya mtu. Ikionekana huko, nzima. Kumbuka kasha nalo lina aina: la SATA halisomi NVMe. Kasha lenye chipu ya Realtek RTL9210B linasoma zote mbili, na kama unafanya kazi hizi mara kwa mara hilo ndo la kununua.

## Hatua ya 7: Kuchagua adapta

Shika hili moja: adapta za bei ndogo zinabadilisha umbo la mdomo tu, hazitafsiri lugha. NVMe inabaki NVMe na inahitaji njia ya PCIe, SATA inabaki SATA na inahitaji kontrola (chipu inayoendesha diski) ya SATA. Ukilielewa hilo hakuna muuzaji wa Kariakoo wala Luthuli atakayekuuzia kitu kisichokuhusu.

Una M.2 SATA na laptopu yenye nafasi ya diski ya inchi 2.5. Nunua kava la M.2 kwenda SATA inchi 2.5. Rahisi, linafanya kazi. NVMe ukiiweka humo haitaonekana hata kama imeingia, na kila siku kuna mtu anaiweka.

Una SATA ya inchi 2.5 na unataka kubaki na HDD. Kama laptopu ina sehemu ya DVD, kuna kedi (fremu ya kushikilia diski) ya kukaa pale. Pima unene kwanza, zipo za milimita 9.5 na za 12.7, ukikosea haiingii.

Una NVMe na laptopu isiyo na sloti yake. Hamna adapta ya ndani ya kukusaidia kwa bei ya maana. Itumie kwa kasha la USB, au iuze ununue ya SATA.

Una NVMe na desktopu isiyo na M.2. Hapa ndo kadi ya PCIe inapoingia, na kuna mambo ya kuangalia.

Kwanza, sloti. Kadi inatakiwa iwe ya x4, na ikae kwenye sloti yenye njia nne au zaidi. Kuna kadi fupi za x1, zinafanya kazi ila unabanwa: PCIe 2.0 x1 mwisho wake ni kama MB 500 kwa sekunde kinadharia, yaani umenunua NVMe upate mwendo wa SATA. PCIe 2.0 x4 inafika kama MB 2,000 kinadharia, PCIe 3.0 x4 karibu 3,900. Na usidanganywe na urefu wa sloti, Dell OptiPlex 7010 ina sloti mbili ndefu za x16, lakini moja imeungwa njia nne tu. Kwa NVMe hiyo ya njia nne inatosha, ile nyingine muachie kadi ya picha.

Pili, kibati cha nyuma. Kama desktopu yako ni ile nyembamba, uliza kadi yenye kibati kifupi ndani ya boksi. Bila hicho kadi itaning'inia bila kufungwa na siku moja mtu atasogeza meza.

Tatu, kadi zenye midomo miwili. Kuna ile yenye mdomo mmoja wa NVMe na mwingine wa SATA. Mdomo wa SATA unachukua umeme tu kwenye PCIe, data inapita kwenye kebo ya SATA unayotakiwa kuichomeka toka kwenye kadi kwenda mazabodi. Watu hawaiweki hiyo kebo halafu wanasema kadi mbovu.

Nne, kadi za NVMe mbili au nne. Usinunue mpaka uone kwenye BIOS ya mazabodi yako kitu kinaitwa Bifurcation (kugawa njia za sloti moja), chenye chaguo la x4x4x4x4 au x8x4x4. Bila hicho utaona SSD moja tu. Zipo kadi zenye chipu yake ya kugawa njia, zinafanya kazi popote ila bei yake sio ya mchezo.

Hitisinki (bati la kupoza) ni nzuri, NVMe zikipanda kuelekea nyuzi 70 na zaidi nyingi zinajipunguza mwendo. Ila usibandue stika ya SSD ili uweke pedi, waranti inaondoka nayo.

## Hatua ya 8: Kufunga kadi na kuangalia kama imekaa sawa

Zima, chomoa umeme kwenye ukuta, funga SSD kwenye kadi kwanza ukiwa mezani, ndo uingize kadi kwenye sloti mpaka isikike imekaa, funga kibati.

Washa, ingia Windows, fungua CrystalDiskInfo. Angalia mstari wa Transfer Mode. Ukiona `PCIe 3.0 x4 | PCIe 3.0 x4` umemaliza: upande wa kushoto ndo unachopata, wa kulia ndo uwezo wa SSD. Ukiona `PCIe 2.0 x4 | PCIe 3.0 x4` sloti yako ni ya kizazi cha 2, hamna ubaya. Ukiona x1 kushoto na kadi yako ni ya x4, hamisha sloti.

Kwa Linux andika `lsblk`, itatokea kama nvme0n1. Isipotokea, `lspci` ikwambie kama kadi imesomwa kabisa.

## Hatua ya 9: Inaonekana ila haibuti

Kubuti ni mashine kuwaka na kupakia mfumo toka kwenye diski hiyo. Hii ni kwa ndugu zangu wa desktopu za zamani kama OptiPlex 7010, 9020, EliteDesk 800 G1 na wenzao. Utaweka Windows kwenye NVMe, itakubali au itanung'unika, ukiwasha upya mashine inasema hakuna diski ya kubuti. BIOS za wakati huo hazina draiva ya NVMe. Mazabodi za Intel za mfululizo wa 9 za 2014 nyingi zilipewa apdeti, kuanzia mfululizo wa 100 za 2015 ni kawaida.

Ukweli wangu: kwa mashine hizo nunua SATA ya inchi 2.5, weka Windows humo, NVMe ibaki ya data na miradi ya video. Mtu anayefungua Chrome na Excel hataona tofauti ya kumuuma.

Kama umeshikilia NVMe ndo ibuti, tengeneza flashi ya Clover (programu ndogo inayoanza kabla ya Windows) kwa kutumia programu ya BootDiskUtility, na uhakikishe draiva ya NvmExpressDxe.efi imewekwa ndani ya folda la drivers/UEFI, au drivers/BIOS kama mashine inabuti kizamani. Zima Secure Boot kwenye BIOS. Mashine itawaka toka kwenye flashi, Clover itaiona NVMe na kuipa Windows usukani. Flashi inakaa hapo siku zote, ichomeke poti ya ndani au ya nyuma ambako mtoto hafiki. Kwa Linux ni rahisi zaidi, weka /boot na patisheni ya EFI kwenye diski ya SATA, mfumo wenyewe ukae NVMe.

Kuna watu wanaingiza draiva kwenye BIOS yenyewe kwa kuichakachua. Inawezekana, ila kama huna kifaa cha kuandika upya chipu ya BIOS, achana nayo.

## Kama SSD kweli imekufa

Dalili: haionekani kwenye mashine mbili tofauti wala kwenye kasha sahihi, inapata moto mkali palepale ikiwekewa umeme, au inajitambulisha kwa jina la SATAFIRM S11 badala ya modeli yake. Hilo jina ni la fimuwea ya kontrola ya Phison iliyoshindwa kuwaka, ukiliona usifomati.

Kwa SATA iliyopotea ghafla baada ya umeme kukatika, jaribu hii kwanza: ipe umeme tu bila kebo ya data, iache nusu saa, chomoa sekunde 30, rudia mara moja, halafu unganisha kawaida. Kuna zinazorudi, manake kontrola inapata muda wa kupanga upya kumbukumbu zake.

Ikigoma, beba risiti na picha za BIOS urudi dukani ndani ya waranti. Ila kama ndani kuna data unayoihitaji, pitia kwanza kwa mtu wa kurejesha data na usiiwashewashe njiani, kwa sababu waranti inakupa diski nyingine, tupu, na ile ya kwako hurudishiwi.